Kipi kinazuia kipi: shajara ya mashine ya kupukuchua mahindi, Busia

Februari, mwanzoni

Karakana yetu iko Busia, upande wa Uganda, na kazi inayotuletea wateja wengi kuliko zote ni mashine ya kupukuchua mahindi. Muundo wake ni wa zamani, umepita mikono mingi. Silinda yenye meno inazunguka juu ya wavu wa nusu duara, punje zinadondoka chini, magunzi yanasukumwa nje upande wa pili. Injini ndogo ya dizeli inaisukuma kwa mikanda miwili.

Malalamiko yanayorudi nayo ni yaleyale kila msimu. Beringi, zile pete zenye mipira zinazobeba shafti (mhimili wa chuma) ya silinda, zinakufa mapema, na punje nyingi zinatoka zimepasuka. Dawa iliyozoeleka ni kubadilisha beringi, kuongeza grisi na kukaza boliti kwa nguvu zaidi. Nimeomba turuhusiwe kutengeneza mashine moja kwa utaratibu mwingine kabla ya mavuno ya Julai, tukianza na swali moja tu kwa kila kipande: kimeshikwa na nini, na kila mwendo wake umezuiwa mara ngapi?

Punje iliyopasuka si jambo la sura tu. Ganda likifunguka ukungu unapata mlango, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na watu wa mpakani hapa wanakumbuka malori yalivyopanga foleni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5 na jumla ya sumukuvu aina ya aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mashine haikaushi mahindi, lakini inaweza kuacha kuyavunja.

Sasa msingi wa uchambuzi. Kitu kigumu kikiachwa huru kina njia sita za kujongea: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, halafu kuzunguka kwenye kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Kuunganisha mashine ni kuziba njia hizo na kubakiza zile tu ambazo kazi inazihitaji. Shafti ya silinda inatakiwa ibaki na njia moja, yaani kuzunguka kwenye mhimili wake. Zile tano nyingine lazima zizibwe. Zikizibwa nne, shafti inacheza. Njia moja ikizibwa na vipande viwili, vipande hivyo lazima viwe na vipimo vinavyokubaliana kabisa, la sivyo kimoja kitampinda mwenzake kila boliti inapokazwa.

Haya si mapya. James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, aliyaandika mwaka 1876 akizungumzia vyombo vya maabara: chombo kikitakiwa kukaa mahali pake bila kucheza na bila kupindwa, kishikwe kwa nukta sita zilizopangwa vizuri. Kilicho kipya ni kuyaleta kwenye chuma cha pembe na mashine ya kuchomelea.

Februari, katikati

Kabla ya kuchora chochote tumeipima mashine ya mteja iliyoletwa kwa matengenezo. Njia yenyewe haihitaji kifaa cha bei. Unalegeza boliti za kipande kimoja, taratibu, huku ukiangalia kama kipande kinahama. Kisipohama, boliti ilikuwa inakishika tu. Kikihama, boliti ilikuwa inakilazimisha.

Nyumba za beringi kwenye muundo huu ni za kuchonga wenyewe: kipande cha bomba nene kilichochongwa kwenye leth (mashine ya kuchongea vyuma), beringi ya namba 6205 (tundu mm 25, kipenyo cha nje mm 52, upana mm 15) imegongwa ndani, na bomba limechomelewa juu ya bamba lenye mashimo mawili. Tulianza na ile ya upande wa puli, yaani gurudumu la mkanda. Mzee wetu, ambaye ndiye fundi mkuu, alilegeza boliti ya kwanza robo mzunguko, hakuna kilichotokea. Ya pili ilipofika nusu mzunguko, bamba lilinyanyuka upande mmoja kwa mlio mfupi. Kijana wa grinda akaingiza wembe wa msumeno wa chuma chini yake, ukaingia hadi karibu katikati ya bamba. Shafti ambayo dakika moja kabla ilitaka mkono mzima, sasa ilizungushwa kwa vidole viwili.

“Hiyo boliti haikuwa inashika beringi,” Mzee alisema, “ilikuwa inapinda shafti.”

Ndivyo ilivyo. Fremu ilipochomelewa, joto liliuvuta ule upau wa juu, kwa hiyo nyuso mbili zinazobeba beringi hazikuwa sambamba tena. Boliti zikakazwa ili kuficha tofauti hiyo, na tofauti ikahamia ndani ya beringi, ambako mipira inabanwa upande mmoja saa zote za kazi. Beringi mpya ikifungwa palepale itapata mzigo uleule.

Machi

Hesabu. Grübler na Kutzbach, wahandisi wa Kijerumani, walituachia kanuni ya kuhesabu njia zinazobaki: M = 6(n − 1 − j) + Σf. Hapa n ni idadi ya vipande pamoja na fremu, j ni idadi ya maungio, f ni njia ambazo kila ungio linaziacha wazi, na Σf ni jumla yake.

Shafti na fremu ni vipande viwili, na beringi mbili ni maungio mawili. Beringi iliyogongwa kwenye nyumba ngumu inaacha njia moja tu, kuzunguka. Kwa hiyo M = 6(2 − 1 − 2) + 2 = −4. Kanuni inasema mashine imefungwa kabisa, na zaidi ya kufungwa. Lakini shafti inazunguka, kila mtu anaiona. Tofauti kati ya 1 tunayoiona na −4 ya hesabu ni 5, na hiyo 5 ndiyo idadi ya vizuizi vya ziada. Ni masharti matano ya kipimo ambayo fremu lazima iyatimize kikamilifu ili shafti izunguke bila kupindwa: mihimili ya nyumba mbili isiachane kwa kimo, isiachane kwa upande, isiinamiane kwa namna mbili, na umbali kati yake ulingane na umbali wa mabega kwenye shafti. Hakuna fundi wa kuchomelea duniani anayeweza kuyatimiza yote matano kwa jicho na pima maji.

Kanuni hii ina udhaifu ambao anayeitumia lazima aujue. Inahesabu maungio bila kuangalia yamepangwaje. Ndiyo maana ukipata jibu hasi usiseme mashine haitembei. Sema ina masharti, kisha utafute ni yapi. Ili kuyapata lazima uangalie mistari ya nguvu. Kila kizuizi ni mstari ambao kipande hakiwezi kujongea kuufuata, na mstari huo unaandikwa kwa namba sita: tatu za mwelekeo, tatu za mzunguko unaosababishwa na umbali wake kutoka kwenye nukta ya rejea. Robert Ball wa Ireland aliijenga nadharia hiyo na kuikusanya kwenye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1900. Ukipanga namba hizo safu kwa safu, kompyuta inakuambia safu ngapi zinajitegemea. Safu kumi za shafti yetu zilitoa tano. Nyingine tano zilikuwa zinarudia kazi ambayo tayari imefanywa.

Ninatumia FreeCAD, programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 ina sehemu yake ya kuunganisha vipande. Inasaidia sana, ila hapa pana mtego ambao nataka mwenzangu yeyote anayejifunza auone mapema. Kwenye kompyuta mm 40 ni 40 kamili, na nyuso mbili zilizochorwa sambamba ni sambamba kweli. Vizuizi vya ziada vikikubaliana kwenye mchoro, mchoro unafungika vizuri. Kufungika huko hakusemi lolote kuhusu chuma kilichovutwa na joto. Nimeshaona michoro mizuri ya wanafunzi ambayo kila tundu limekaa sawasawa kwenye skrini, na kwenye meza ya kazi boliti ya mwisho ikaingia kwa nyundo.

Aprili

Huu ndio mwezi wa muundo mpya, na ndio wenye mengi ya kuandika.

Kwanza beringi. Tumeachana na nyumba za kuchonga, tumechukua UCFL205, nyumba ya chuma cha kusubu yenye boliti mbili, umbali wa katikati ya mashimo mm 99. Ndani yake beringi ina mgongo wa tufe, kwa hiyo inainama kuifuata shafti wakati wa kufunga. Kila beringi sasa inazuia njia tatu tu, zile za kusogea, na kuziacha tatu za kuzunguka. Hesabu: 6(2 − 1 − 2) + 3 + 3 = 0, na shafti inazunguka, kwa hiyo kizuizi cha ziada kimebaki kimoja. Kutoka vitano hadi kimoja kwa kubadilisha umbo la uso wa nje wa beringi.

Niseme wazi, tufe hilo halichezi ovyo mashine ikiwa kazini. Msuguano unalishika. Faida yake inapatikana wakati wa kufunga tu, ndiyo maana utaratibu ni lazima ufuatwe: shafti ipite kwenye beringi zote mbili, boliti za nyumba zikazwe kidogo kidogo kwa zamu huku mtu anazungusha shafti, na skrubu za kubana shafti zije mwisho kabisa. Ukianza na skrubu umeshaifunga pembe kabla beringi haijainama.

Kile kizuizi kimoja kilichobaki kiko kwenye urefu wa shafti. Beringi zote mbili zikiwa zimebanwa kwa skrubu, umbali kati yake umeamuliwa mara mbili, mara moja na shafti na mara moja na fremu. Shafti ya mm 700 ikiwa na joto nyuzi 20 zaidi ya fremu inarefuka kama mm 0.17, maana chuma kinatanuka takribani sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi. Urefu huo lazima uende mahali. Njia ya vitabuni ni kuacha beringi moja iteleze. Ukiacha tu skrubu zilegee, shafti itazunguka ndani ya pete ya beringi na kujila. Mzee ndiye aliyependekeza tulichofanya: upande wa mbali na puli tumechonga mfereji mfupi kwenye shafti kufuata urefu wake, na ncha ya skrubu ikapigwa tupa hadi ikaingia ndani ya mfereji bila kugusa chini, halafu ikafungwa kwa nati ya juu. Pete inazunguka na shafti lakini inaweza kuteleza. Hesabu inasoma 6(2 − 1 − 2) + 3 + 4 = 1. Hakuna cha ziada.

Pili, wavu wa chini na ule mwanya kati yake na meno ya silinda, ambao ndio unaoamua kama punje inabanduliwa au inavunjwa. Tumeutaka mm 25. Kwenye muundo wa zamani, ukiufuata kutoka ncha ya jino hadi kwenye wavu unapita silinda, shafti, beringi, nyumba ya beringi, upau wa juu wa fremu, nguzo, upau wa kati, bamba la masikio, ndipo wavu. Kila hatua inaongeza kosa lake, na hatua tatu kati ya hizo ni za kuchomelea. Mwanya huo haukuwa umeamuliwa na mtu yeyote. Ulikuwa mabaki ya makosa ya wengine wote.

Daniel Whitney wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, ana namna ya kuchora ambayo imetusaidia sana hapa. Anatenganisha maungio yanayokipa kipande mahali pake na maungio yanayokishika tu. Kwenye karatasi kubwa ukutani tumechora ya kwanza kwa mishale mekundu na ya pili kwa mistari myeusi. Mishale mekundu inayoingia kwenye kipande ikijumlisha njia sita, kipande kimekaa. Ikizidi, kuna ubishi. Ikipungua, kipande kitakaa popote mkono wa fundi utakapokiweka siku hiyo. Tulipochora mashine ya zamani kwa namna hiyo, wavu haukuwa na mshale mwekundu hata mmoja. Ulikuwa na boliti sita nyeusi.

Boliti haitoi mahali. Boliti ya M12, yaani yenye kipenyo cha mm 12, inapita kwenye tundu la mm 13.5, kwa hiyo kipande kinaweza kukaa popote ndani ya milimita moja na nusu hiyo. Kazi yake ni kubana.

Sasa beringi na wavu vyote vinachukua mahali pao kutoka kwenye bamba moja la pembeni, unene mm 6. Mabamba mawili, la kushoto na la kulia, yamebanwa pamoja na kutobolewa kwa pamoja kwenye drili ya kusimama, kwa hiyo hata kama tundu limehama kidogo, limehama pande zote sawasawa. Ule mnyororo wa hatua kutoka jino hadi wavu umebaki na hatua nne: jino, silinda na shafti yake, beringi, bamba. Wavu unakaa juu ya pini mbili kila upande. Pini moja inaingia kwenye tundu la mviringo na nyingine kwenye tundu refu, linaloelekea pini ya kwanza. Kwenye uso wa bamba kipande kina njia tatu tu: tundu la mviringo linaziba mbili, tundu refu moja. Matundu mawili ya mviringo yangeziba nne, na fundi angelazimika kupata umbali kati ya pini na umbali kati ya matundu sawa kabisa, kazi isiyo na malipo yoyote.

Nyumba ya beringi yenyewe bado inakaa kwa boliti zake, na hilo tumelikubali kwa makusudi. Kwenye mwanya wa mm 25, mchezo mdogo wa boliti hizo hauumizi punje. Tungekuwa tunajenga kichwa cha leth nisingekubali.

Mei

Siyo kila kizuizi cha ziada ni adui. Mabamba mawili yanatenganishwa na mabomba manne, na nukta tatu zingetosha kuupa uso mahali. Bomba la nne tumeliacha kwa sababu linazuia mtikisiko, na kwa sababu tunaweza kulilipia: mabomba yote manne yalibanwa pamoja yakachongwa ncha kwa mara moja. Aidha bamba la mm 6 linakubali kupinda kidogo bila kulalamika. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kizuizi cha ziada kinaruhusiwa pale kipande kimoja ni laini kuliko wenzake, au pale vipimo vimetoka kwenye kazi moja. Pasipo hayo, kiondolewe.

Miguu minne ya fremu iko kundi la kwanza. Shambani ardhi yenyewe inalegea.

Injini ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Mkanda hauamui mahali, unavuta tu, kwa hiyo injini na silinda hazibishani kama ambavyo zingebishana zikiunganishwa shafti kwa shafti. Kitanda cha injini kina skrubu mbili za kuvutia mkanda, na kijana wa grinda akauliza kama mbili si nyingi mno. Si nyingi. Gurudumu la nyuma la bodaboda lina skrubu mbili vilevile, kushoto na kulia: zikikazwa sawa mnyororo unavutika, zikitofautiana gurudumu linakaa upande. Skrubu mbili, njia mbili. Tukachora alama za tupa kwenye reli zote mbili kama zilivyo kwenye pikipiki, ili mwenye mashine aone kama ameilaza injini.

Uchomeleaji wote sasa unamalizika kabla ya tundu lolote la mahali kutobolewa. Huu ndio mpangilio uliokuwa mgumu kuingia karakanani, maana mazoea ni kutoboa kwanza vyuma vikiwa vyepesi kubebeka. Tumeandika kwa chaki kwenye mlango: choma, ipoe, ndipo utoboe.

Juni

Mashine imesimama. Boliti zote zikiwa zimekazwa, shafti inazungushwa kwa vidole viwili. Kipimo cha mwanya tumekitengeneza kutoka kwenye chuma bapa cha mm 25. Kinapita kwenye kila safu ya meno, ncha ya kushoto, katikati na kulia, bila kukwama na bila kucheza sana. Tulilegeza boliti moja moja kama tulivyofanya Februari na hakuna kipande kilichohama. Kwa mtihani huo peke yake ningekuwa tayari kuitia sahihi.

Tumeipitishia mahindi ya mwaka jana yaliyobaki ghalani kwa mama mmoja anayetuuzia chakula. Magunzi yanatoka mazima, na punje zilizovunjika kwenye sinia ni chache kwa kuangalia. Hesabu ya kweli itasubiri mahindi ya msimu huu yaliyokauka vizuri, tukipima kwa uzito punje nzima na zilizopasuka, mashine ya zamani na mpya zikila gunia moja lililogawanywa.

Kilichobaki ni chekeche la chini, linalotikiswa na mkono unaotoka kwenye shafti. Ni vipande vinne na maungio manne ya kuzunguka: 6(4 − 1 − 4) + 4 = −2, wakati mwendo unaohitajika ni mmoja. Vizuizi vitatu vya ziada, na ndiyo sababu pini za chekeche zimekuwa zikilika upande mmoja. Mpango ni kuweka vichwa vya tairodi (fimbo za usukani, zenye ungio la tufe kichwani) za gari dogo kwenye ncha mbili za mkono. Kila kichwa kinaacha njia tatu, kwa hiyo jumla inakuwa −6 + 1 + 3 + 3 + 1 = 2: mwendo mmoja wa chekeche, na mmoja wa mkono kujizungusha wenyewe kwenye urefu wake, usiomdhuru mtu. Vichwa viwili vilivyotumika tumevipata dukani kwa vipuri vya zamani, tufe la kimoja bado linabana vizuri, cha pili kinacheza na kitarudishwa Jumatatu.